Peugeot 504, baridi ya Julai na mimi

Wengine wenu mmeniandikia kuuliza kwa nini nilinyamaza tangu Juni. Sikuwa safarini, wala tarakilishi yangu haikuibiwa. Nilikuwa chini. Kwa Kiswahili tunasema mtu "ana mawazo", kana kwamba sisi wengine hatuna hata moja. Leo hakuna PHP wala hifadhidata. Leo ni gari kuukuu, na mimi mwenyewe.

Wanaoishi Nairobi wanaijua baridi ya Juni hadi Agosti. Mawingu yanaweza kukaa wiki nzima juu ya mji bila mvua na bila jua. Msimu huo hunikuta vibaya karibu kila mwaka, nami huupitisha kwa chai na kelele za ofisini. Safari hii kulikuwa na jambo jingine juu yake. Niliandika programu ndogo ya kuhamisha kumbukumbu za wateja kutoka seva moja hadi nyingine, nikakosea mstari mmoja, na kwa siku mbili watu wakawa wanatumiwa ujumbe wa madeni yasiyo yao. Tulirekebisha. Hakuna aliyefutwa kazi, na bosi hata sauti hakupaza. Lakini nilianza kuamka saa tisa usiku nikiusoma ule msimbo kichwani, mstari kwa mstari, kana kwamba bado ninaweza kuuzuia.

Mchana nilifungua faili, nikatazama kishale kikimweka, nikafunga. Mama watoto akiuliza, nasema ni uchovu. Watoto walijifunza kupita kimya kimya sebuleni. Hilo ndilo linaloniuma zaidi nikikumbuka.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu anaishi mwalimu mstaafu wa fizikia. Nitamwita Mwalimu tu, maana ndivyo mtaa mzima unavyomwita. Ana Peugeot 504 stesheni wagoni nyeupe, gia kwenye usukani, iliyokuwa imekaa juu ya mawe tangu mkewe afariki miaka mitatu iliyopita. Kwa wenzangu wa rika hili sina haja ya kuieleza. Tulikulia ndani yake: viti safu tatu, mizigo juu, na abiria wa mwisho aliyeahidiwa kwamba "nafasi iko". Ilitoka Ufaransa mwaka 1968, ikaja kuunganishwa hapa Kenya pia, ikawa gari la daktari, la mkulima na la abiria wa mbali. Marehemu baba yangu hakuwahi kumiliki moja, lakini ushindi wake katika Safari Rally, Ove Andersson mwaka 1975 na Jean-Pierre Nicolas mwaka 1978, aliutaja jinsi wengine wanavyotaja magoli.

Jumamosi moja ya Julai nilikuwa natoka dukani na mkate. Mwalimu alikuwa amefungua boneti. "Kijana, hebu ingia upige stata." Nikapiga. Injini ikazunguka, ikakohoa, ikakataa. Nikasema, ili niseme kitu tu, kwamba hii ndiyo gari iliyoshinda Safari. Kumbe nimechokoza nyuki. Mwalimu ni mtu wa 404. Akanihesabia kwa vidole: 1963, 1966, 1967, 1968, mara nne, na 504 mara mbili tu! Na ile ya 1963, magari 7 pekee ndiyo yaliyofika mwisho. Nikamjibu kwamba katikati hapo, mwaka 1965, Joginder Singh alizishinda zote kwa Volvo iliyokwisha kutumika. Tulibishana hadi mkate ukaanguka kwenye mafuta. Nilipofika nyumbani nikagundua nimezungumza dakika arobaini mfululizo, kuliko wiki mbili zilizopita zikijumlishwa.

Basi Jumamosi ikawa siku ya gari. Wenzangu mnaopenda kujua vitu vinavyofanya kazi, sikieni hii. Ndani ya distributa ya gari la zamani kuna vipande viwili vidogo vya chuma vinavyogusana na kuachana. Kila vinapoachana, umeme unaopita kwenye koili unakatika ghafla, na huko kukatika ndiko kunakozaa cheche kwenye plagi. Injini ya silinda 4 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, vinaachana mara 6,000 kwa dakika, yaani mara 100 kila sekunde. Pengo lake ni kama 0.4 mm. Ukikosa kikaratasi cha chuma cha kupimia, kadi ya jina inaweza kukusukuma mpaka nyumbani. Hakuna programu yoyote mle ndani! Kikichakaa unakiona kimeungua, unakisugua kwa msasa, unapima tena. Mimi niliyezoea kuwinda wadudu wasioonekana kwenye msimbo wa mtu aliyehama kampuni, hii ilikuwa kama kupewa maji.

Tulisafisha tangi lililojaa matope ya kutu. Tulifungua kabureta juu ya gazeti, tukapuliza vitundu vyake kimoja kimoja. Mara mbili nilishuka Kirinyaga Road kutafuta vipuri, nikarudi na vilivyokosewa mara moja.

Halafu nikaacha kwenda. Sina sababu ya kuwapa. Jumamosi ya kwanza ya Agosti nililala tu, pazia limefungwa. Saa tano hivi nikasikia lango. Mwalimu aliingia ameshika kitu kilichofungwa kwenye gazeti: distributa nzima, ameing'oa. "Macho yangu hayalioni pengo. Niazime yako."

Tukakaa mezani. Nikapima, mikono ikitetemeka kidogo. Bila kuniangalia akaanza kusema kwamba mkewe alipokwenda, alikuwa akitoka usiku na kuketi ndani ya 504, upande wa dereva, gari halina hata betri. Leso ya mama ilikuwa bado kwenye kiti cha pili. Alifanya hivyo zaidi ya mwezi. Kisha akaniangalia. "Baba, unafikiria kujiua?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamwambia kwamba sijapanga, lakini usiku fulani nimeona ingekuwa nafuu nisiamke. Hakunihubiria. Alisema yeye bado huenda kliniki kila mwezi, na Jumatatu tutakwenda pamoja. Na kwamba leo, kabla hajaondoka, mama watoto lazima aambiwe. Akaambiwa. Alilia, kisha akapika chapati, na Mwalimu akala tano.

Mtajiuliza kwa nini mtu mzima anaficha jambo kama hili. Aibu, ndiyo, lakini kumbukeni pia kwamba kwa kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai, aliyejaribu kujiua alikuwa mhalifu. Mahakama Kuu ilikitangaza kuwa kinyume cha Katiba Januari 2025 tu. Nchi inapokuambia ukikiri unaweza kushtakiwa, unajifunza kusema ni uchovu.

Sitawadanganya kwamba kabureta ilinitibu. Ninameza dawa, na ninaonana na mshauri kila baada ya wiki mbili. Nilipomsimulia habari za gari hakucheka. Aliniambia nisisubiri hamu ije ndipo nifanye kitu. Nipange kitu kidogo, saa ijulikane, nikifanye hata bila hamu, kisha niandike nilivyojisikia. Ni tiba yenye jina lake, na utafiti wa Uingereza wa mwaka 2016, wenye wagonjwa 440, ulionyesha haikuwa nyuma ya tiba ya mazungumzo inayogharimu zaidi. Nikakumbuka pia kule Zimbabwe, ambako tangu 2006 Dr. Dixon Chibanda amekuwa akiwafunza akina nyanya kuketi kwenye benchi na kusikiliza watu wenye kile wanachokiita kwa Kishona kufungisisa, kufikiri kupita kiasi. Mimi naona Mwalimu ana benchi lake, ila lina magurudumu.

Hamu yenyewe hairudi kwa mpangilio. Wiki iliyopita nilikuwa na siku mbili mbaya sana.

504 iliwaka tarehe 23 Agosti. Ilitoa moshi hadi jirani akafunga madirisha. Mwalimu alikunja ile leso polepole, akaiweka kwenye kisanduku cha mbele, akaniambia niketi. Tulifika njia panda ya pili ikazima, tukaisukuma kurudi, watoto wangu wakisukuma nyuma na kupiga kelele. Klachi ilikuwa inateleza. Njia nzima alikuwa akisema 404 isingefanya hivyo.

Jumamosi hii ni breki. Anayejua mahali panapouzwa kioo cha taa ya nyuma, upande wa kushoto, cha 504 stesheni wagoni, tafadhali aniandikie. Cha pikapu hakiingii, tumeshajaribu.