Sikukuu ya Mtakatifu Patrick

Nilipokuwa Kidato cha Pili, Padre wetu, Mwayalandi, aliingia darasani tarehe 17 Machi akiwa amechomeka kotini jani dogo la sehemu tatu. Tulicheka. Akatueleza kuwa ni Sikukuu ya Mtakatifu Patrick, na ya kwamba kwao husimuliwa jinsi alivyofundisha Utatu Mtakatifu kwa jani kama hilo, akawafukuza na nyoka wote. Tangu 1903 siku hiyo ni ya mapumziko kwa sheria Ayalandi, na huko New York Waayalandi huandamana tangu 1762.

"Lakini sikilizeni aliyoyaandika mwenyewe," alisema Padre.

Katika karne ya 5 Patrick alitekwa kwao Britania akiwa na miaka kama 16, akapelekwa Ayalandi utumwani. Alichunga mifugo miaka 6, akatoroka. Baadaye alirudi kwa hiari yake kuwahubiria watu wale wale.

Wakati huo mimi nilikuwa simwamkii baba mdogo, kwa sababu aliuza ng'ombe wa karo yangu. Likizo ilipofika nilipita kwake kwanza, nikabisha hodi. Alinipa uji. Habari ya ng'ombe hatukuitaja.