Mpwa Wangu, Ulizia Miezi Yako

Asiatique, Bujumbura

Mpwa wangu,

Mama yako ameniambia umepata kazi katika bohari la vyuma hapa hapa Asiatique, na kwamba patroni amekupa kuchagua: mshahara wote mkononi, au upungue kidogo na jina lako lipelekwe INSS, taasisi ya usalama wa jamii. Nasikia unaelekea kuchukua wote mkononi. Nakusihi usifanye hivyo. Vitabu vya mishahara nimevishika tangu ujana wangu mpaka nilipostaafu, najua ndani yake mna nini.

Kwanza, hilo si jambo la yeye kukupa uchague. Sheria inamtaka mwajiri amwandikishe mfanyakazi wake. Katika fungu la pensheni wewe hukatwa asilimia 4 ya mshahara, naye huongeza asilimia 6 kutoka mfukoni mwake. Kwa mshahara wa faranga 300,000, wewe unaacha 12,000, yeye anatoa 18,000. Juu ya hapo yuko peke yake kwenye mchango wa ajali za kazi. Akikwambia anakusamehe makato, anayesamehewa ni yeye.

Watu wengi kule Buyenzi huziita fedha za pensheni pesa za Leta, kana kwamba serikali humwonea mzee huruma siku ya mwisho. Hakuna huruma pale. Kuna miezi. Kwa hesabu ya Kanuni ya Usalama wa Jamii ya 1999, mtu akifika miaka 60 akiwa na miezi 180 iliyoandikwa, yaani miaka 15, anapata asilimia 30 ya wastani wa mshahara wake wa miaka ya mwisho, na kila mwaka wa ziada unamwongezea asilimia 2. Mwenye wastani wa 300,000 na miaka 15 anatoka na 90,000 kwa mwezi. Mwenye miaka 25 anatoka na 150,000. Aliyepungukiwa na ile 180 hupewa fedha za mkupuo mara moja, na hapo mlango umefungwa. Nimeona watu waliofanya kazi miaka 30 mjini hapa, lakini kwenye faili zao mna miaka 9, kwa kuwa kila patroni aliwaandikisha alipotaka na kuwasahau alipotaka. Mzee wa miaka 60 atampata wapi patroni aliyekwisha kufunga duka na kuhama nchi?

Ya uzee utaniambia ni mbali. Basi sikia ya ujana. Kijana mmoja mpakuzi, umri wako, aliangukiwa na fungu la nondo pale lori lilipokuwa likishushwa, mguu ukasagika chini ya goti. Hakuwa ameandikwa popote. Alilipiwa hospitali, akapewa bahasha, akaambiwa apumzike nyumbani. Angekuwa ameandikishwa, hiyo ni ajali ya kazi: haingojei miaka 15, na mchango wake humtoka mwajiri. Ugonjwa usiotokana na kazi una mlango wake mwingine, pensheni ya ulemavu, na huo ni mwembamba. Daktari athibitishe umepoteza theluthi mbili za uwezo wa kujipatia riziki, uwe na miaka mitatu ya uandikishaji, na miezi sita ya michango katika 12 ya mwisho. Hiyo miezi sita ndiyo huwaponyoka wengi, maana mgonjwa huanza kukosa kazini kabla hajajua anaumwa nini, na patroni huacha kumlipia mchango.

Usiniambie utaweka akiba kwenye biashara. Biashara ni njema, ifanye. Lakini Januari 27, 2013, Jumapili asubuhi, Soko Kuu la Bujumbura liliteketea, na watu waliokuwa wameweka uzee wao wote kwenye vitenge na viatu walikuwa wamesimama barabarani wakitazama moshi. Jumatatu hawakuwa na pa kuanzia.

Jambo moja la nyumbani. Umefunga nikaha, Mungu aibariki, lakini ofisi ya komini hamjaenda kuiandikisha. Ukifa leo, pensheni ya mjane inataka hati ya ndoa ya serikali, na ya mayatima inataka vyeti vya kuzaliwa. Mke wako atalia mara mbili. Nendeni komini mwezi huu.

Sheria nazo hubadilika. Mei 12, 2020 ilitoka Kanuni mpya ya Ulinzi wa Jamii, yenye nia ya kuwafikia hata wasio na mwajiri. Kwa hiyo hesabu zangu zishike kama mwongozo, na kabla ya kutia saini lolote uliza ofisini kwa INSS.

Kesho mwombe mhasibu namba yako ya uandikishaji, kwa adabu, bila kugombana. Ukiipata, njoo nayo pamoja na karatasi za mshahara. Twende wote dirishani INSS, watuonyeshe miezi iliyoingia. Wakisema haujaingia hata mmoja, mimi mwenyewe nitakwenda kuongea na patroni wako.

Mjomba wako