Fizi Mbili

Kinywa ni mlango wa chakula na mlango wa maneno, lakini mwenye mlango huo hauangalii mpaka umwume. Kila asubuhi mtu hutazama uso wake katika kioo, akaondoa tongo machoni na akalainisha ndevu, kisha akafumba midomo juu ya chumba asichokikagua. Kwa hiyo ufizi huweza kuchukua habari nzito kwa miaka pasipo kupata msikilizaji.

Karani mmoja mstaafu wa Tanga alikuwa na habari ya namna hiyo. Gego lake la chini lilimwuma usiku saba. Alitafuna karafuu, akasukutua maji ya chumvi, na siku ya nane maumivu yakatoweka. Alimshukuru Mungu, akatangaza nyumbani kwamba jino limepona. Baadaye kilitokea ufizini, chini ya gego lile, kipele kidogo kama punje ya mtama. Kilijaa, kikapasuka, kikatoa usaha wenye ladha mbaya, kikanywea. Baada ya wiki chache kilirudi. Kwa kuwa hakikuuma, alikivumilia kama mgeni mpole.

Kumbe upole ule ndio uliokuwa hila yake. Jino si jiwe. Ndani yake mna kiini chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Kuoza kunapofika katika kiini, vijidudu hukiua, na jino lililokufa huacha kulia. Lakini vijidudu havifi pamoja nalo; hupita mzizini, na usaha hukusanyika penye ncha ya mzizi ndani ya mfupa wa taya. Usaha uliofungiwa husukuma, na msukumo huo huuma. Ukipata kutoboa mfupa na ufizi, maumivu hutulia. Kipele ni mdomo wa mfereji huo, na mfereji hauondoi chemchemi ya uchafu, huupitisha tu. Dawa za kuua vijidudu peke yake haziponyi, maana chemchemi hubaki. Hapana budi jino ling'olewe, au mzizi wake usafishwe ndani na kuzibwa.

Si kila uvimbe wa ufizi ni jipu. Mwingine ni mfupa tu, na mwingine ni maradhi mabaya zaidi. Ndiyo sababu uvimbe uliopita wiki mbili hustahili jicho la tabibu. Wala si kila jipu hupata njia ya kutokea. Mwaka 1836 tabibu wa Kijerumani, von Ludwig, alieleza uvimbe unaoenea chini ya ulimi na shingoni hata ukaziba pumzi; aghalabu huanzia katika magego ya chini. Mtu aliyevimba shavu au shingo, mwenye homa, anayeshindwa kumeza, kupumua au kupanua kinywa, hana haki ya kungoja kesho.

Karani hakuyajua hayo. Alijua mengine. Mjukuu wake wa miezi sita aliposhikwa na homa na kuhara, alimfunua midomo, akaona fizi zimetuna na kufanya weupe mahali pa chonge. Akatoa hukumu: meno ya plastiki. Jina hilo lilienea Tanzania tangu miaka ya 1980, na Uganda jambo lilo hilo huitwa ebiino. Mtoaji wake hupasua ufizi wa mtoto kwa wembe, kisu au njiti ya baiskeli, akachomoa kitu laini cheupe, akawaonyesha wazazi kuwa ndicho chanzo cha homa. Ushahidi huo ni mweupe, lakini ni wa uongo. Kitu kile ni jino la kweli ambalo halijakomaa. Lingengojewa, lingetokeza lenyewe mtoto apitapo mwaka na miezi kadhaa. Jeraha lake huleta kuvuja damu, pepopunda na sumu katika damu, na huweza kuharibu chonge la ukubwani lililo chini yake. Kuhara nako huendelea kumkausha mtoto.

Karani alikwisha kutoa fedha ya mtoaji. Mkwewe, mama wa mtoto, alipiga goti mbele yake akasema, "Baba, niwie radhi. Kisu kitatungoja. Kwanza twende zahanati."

Alikwenda nao ili akashinde hoja. Tabibu alipapasa fizi za mtoto kwa kidole, akaona hazina usaha wala kidonda. Akaagiza maji ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, pamoja na vidonge vya madini ya zinki, na kunyonya kusikome. Karani alipanua kinywa kubisha. Tabibu akamtazama, akamsogeza penye mwanga.

"Mzee," akasema, "ufizi wa mtoto hauna kosa. Wako ndio unaodai."

Picha ya eksirei ilionyesha kivuli cheusi penye ncha ya mzizi, mahali ambapo mfupa ulikwisha kuliwa. Gego liling'olewa juma lile lile. Mtoto naye aliacha kuhara, akaanza tena kucheka kwa fizi zake nzima.

Karani hakulalamikia koleo. Lililomwuma ni hesabu aliyoifanya jioni ile barazani, na mtoto amelala mapajani mwake. Alikuwa ameogopa uvimbe uliokuwa uhai, akastarehe na uvimbe uliokuwa maradhi, kwa sababu mmoja alikuwa nao mtoto asiyeweza kujitetea, na mwingine alikuwa nao yeye. Laiti neno lake lingefuatwa, jino lililo hai lingeng'olewa, na jino lililokufa lingesazwa.