Nevermind Haikuwa Yangu

Mimi niliipendea kelele tu. Nevermind ya Nirvana ilitoka Septemba 1991. Januari iliyofuata ikaing'oa Dangerous ya Michael Jackson kileleni Marekani. Roki ya nywele za kupuliziwa dawa na magitaa ya majigambo ikachakaa ghafla. Wanyonge wakapata sauti. Ila na sisi wababe tukajazana humohumo.

Mwishoni mwa 1992, kwenye maelezo ya albamu ya Incesticide, Kurt Cobain akawaambia mashabiki wanaochukia mashoga, wanawake au watu wa rangi nyingine wasije kwenye matamasha yao, wala wasinunue rekodi zao.

Nilisoma nikanyamaza. Jamani, shuleni nilimcheka mvulana mmoja kwa sauti yake laini. Bado naisikiliza Nevermind, lakini sasa namkumbuka yeye kwanza.