Kipimo cha Petroli Hakijui Mlima

Ndugu msomaji, huenda wewe huna motokaa, wala hutazamii kuwa nayo. Walakini neno la leo lakuhusu, maana siku moja utapanda gari la mwingine. Utapeleka mgonjwa hospitali, utakwenda arusini, au utamsindikiza mtoto shuleni. Siku hiyo utakuwa umejikabidhi kwa dereva, na dereva naye amejikabidhi kwa kidude kidogo kilicho mbele yake, yaani kipimo cha petroli. Basi yafaa sote tujue kidude hicho husema nini, na ni jambo gani hakiwezi kulisema.

Siku hizi, katika mji wa Sumbawanga na katika barabara za Ufipa, twaona magari madogo yanayokwenda bila ngurumo, hata mtu wa miguu hushtuka kuyaona yamefika ubavuni pake. Hayo huitwa magari ya haibridi. Mengi yametoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika, kama vile Toyota Prius, iliyoanza kuuzwa huko Desemba 1997, na Toyota Aqua, iliyoanza Desemba 2011. Gari la namna hii lina injini ya petroli na pia mota ya umeme. Halichomekwi ukutani. Linapoteremka au dereva anapofunga breki, mwendo wake hugeuzwa kuwa umeme na kuwekwa katika betri kubwa. Kisha umeme huo huisaidia injini wakati wa kuondoka na wakati wa kupanda. Kwa sababu hiyo hula petroli kidogo. Mwaka 2022, bei ya petroli ilipopita shilingi 3,000 kwa lita, wengi wetu tuliyatazama magari hayo kwa jicho jingine.

Lakini faida hiyo imekuja pamoja na kishawishi chake. Dereva wa gari linalokula kidogo huanza kuamini kwamba halili kabisa. Taa ya petroli inawaka, naye husema, "Bado lina safari." Mara nyingi husema kweli. Hapo ndipo hatari ilipo, maana mtu aliyesema kweli mara tisa hujisadiki mno mara ya kumi.

Tuangalie basi kipimo chenyewe. Ndani ya tangi mna boya linaloelea juu ya petroli, nalo limefungwa kwenye mkono mdogo. Petroli ikishuka, boya hushuka, na habari hiyo hupelekwa kwa waya mpaka kwenye dashibodi. Katika Prius na Aqua nyingi hakuna mshale, bali kuna vijistari vinavyopungua kimoja kimoja. Kijistari kimoja cha tangi la Aqua, ambalo huchukua lita 36, ni lita tatu na zaidi. Hivyo mtu aonaye kijistari hajui kama ndicho kinaanza au kinakwisha. Tena gari likiwa limeinama mlimani, petroli hukimbilia upande mmoja, na boya husema lile linaloliona upande wake. Kwa hiyo kipimo husomwa mahali tambarare.

Wala shida hii si ya kwetu peke yetu. Prius za zamani zilizouzwa Marekani zilikuwa na mfuko laini ndani ya tangi, wa kuzuia mvuke wa petroli usitoke. Wakati wa baridi kali mfuko ule ulikuwa mgumu, usiweze kutanuka vema. Tangi likapokea petroli pungufu, na kipimo kikawachanganya wenye gari. Mfuko huo uliachwa katika Prius ya namna ya tatu, iliyotoka mwaka 2009.

Kuna na kitu cha pili kwenye dashibodi, nacho huwapendeza madereva kupita kipimo chenyewe. Ni ile hesabu ya kilometa zilizobaki kabla petroli haijakwisha. Dereva huona 200, au 130, naye huipokea kama ahadi. Siyo ahadi. Gari huangalia lilivyokula petroli katika safari iliyopita, kisha hukisia kwamba litaendelea kula vivyo hivyo. Halijui kwamba mbele kuna mlima. Halijui kwamba watapanda watu wanne na gunia la dagaa. Lina kumbukumbu tu.

Sasa fikiri nchi yetu ilivyo. Mji wa Sumbawanga uko yapata meta 1,800 juu ya bahari. Ziwa Tanganyika liko yapata meta 770, na Ziwa Rukwa yapata meta 800. Atokaye Ufipa kwenda Kasanga, au kwenda Muze katika bonde la Rukwa, hana budi kushuka kiasi cha meta 1,000. Na arudiye hana budi kuzipanda zote. Wakati wa kushuka injini karibu haifanyi kazi, na hesabu ya kilometa huweza kupanda badala ya kupungua. Betri nayo hujaa upesi, kwa kuwa ni ndogo, na ikishajaa nguvu nyingine yote ya mteremko hupotea bure kama joto. Wakati wa kurudi betri ile husaidia kidogo tu, kisha mzigo wote huiangukia petroli. Gari dogo lenye watu watano huhitaji kama lita moja na nusu zaidi kwa ajili ya kuinuka meta zile 1,000 tu, mbali na petroli ya safari yenyewe.

Mwaka juzi wakati wa kiangazi nilisafiri na mwana wa kaka yangu, dereva wa Aqua, kwenda Kasanga kumchukua mama mkwe wake. Mama huyo alikuwa amevimba miguu na kuhema kwa shida, na mganga wa zahanati alikuwa amesema apelekwe mjini bila kuchelewa. Tulipokwisha kumweka garini pamoja na wauguzaji wake wawili, nilitazama dashibodi. Vijistari viwili vilikuwa vimebaki, na hesabu ilikuwa kilometa 130.

"Baba mdogo, zinatosha," kijana akasema. "Mpaka Sumbawanga ni kama 110 tu. Tukikaa kutafuta petroli ya madumu tutapoteza wakati, na tena bei yake ni ya kunyonga."

"Mwanangu," nikamwambia, "hizo 130 zimehesabiwa katika njia ipi? Tulikuja tukishuka, nasi tulikuwa wawili."

Alinyamaza. Neno lake halikuwa la kipuuzi, maana mgonjwa alikuwa akihema nyuma yetu, na kila dakika ilikuwa na thamani yake. Ndipo yule mama mwenyewe akasema kwa sauti ndogo, "Tafuteni, wanangu. Mimi naweza kungoja hapa kwenye watu. Porini usiku sitaweza."

Tulingoja nusu saa, tukapata lita tano. Tukapanda. Tulipofika Matai, kilometa zilizoandikwa kwenye dashibodi zilikuwa zimepungua karibu mara mbili ya zile tulizokwenda. Tuliingia mjini saa mbili usiku, na yule mama akapokewa na kuwekewa hewa ya oksijeni. Nilipofanya hesabu baadaye, niliona kwamba bila lita zile tano tungalisimama gizani kabla ya kuuona mji.

Na gari la haibridi likiisha petroli njiani, msomaji wangu, lina taabu yake ya pekee. Injini ikizimika, mota ya umeme huweza kulisogeza mbele kidogo, na dereva asiyejua hufurahi akidhani ameokoka. Kumbe anaimaliza betri ile kubwa, na betri hiyo ndiyo inayoiwasha injini. Ikiisha kabisa, hata ukileta petroli gari haliwaki. Kuazima umeme wa gari jingine kwa waya husaidia betri ndogo tu, si ile kubwa. Na vijana wa kijiji wakija kulisukuma kwa moyo mwema kama walivyozoea, watachoka bure, maana gari la namna hii haliwashwi kwa kusukumwa.

Katika katekisimu tulifundishwa kwamba busara ni ya kwanza katika zile fadhila nne kubwa. Mtakatifu Thoma wa Akwino, alipoeleza sehemu za busara, alitaja kumbukumbu, na tena alitaja kuona mbele. Zote mbili zahitajika. Chombo cha dashibodi kimepewa ile ya kwanza. Ya pili Mungu amempa mtu. Dereva anayekiachia chombo kazi ya kuona mbele ametupa kipaji chake mwenyewe.

Wakumbuke wale wanawali kumi wa Injili. Taa zao zilikuwa zikiwaka zote. Mtu aliyezitazama jioni ile asingeweza kutofautisha wenye busara na wapumbavu, maana mwanga ulikuwa mmoja. Tofauti haikuwa katika taa, bali katika kufikiri kwamba bwana arusi aweza kukawia. Kipimo cha petroli ni kama ule mwanga: chaonyesha hali ya sasa hivi, nawe wapaswa kuuliza habari za usiku wa manane.

Je, tusikiamini kabisa? La, tusizidishe. Kipimo ni shahidi mwema wa mambo yaliyopita, na taa yake ikiwaka yasema kweli. Katika magari haya huwaka zikiwa zimebaki kama lita tano au sita, ili upate kufika kwenye kituo. Akiba hiyo imewekwa kwa ajili ya dharura, si kwa ajili ya kushindana na wenzako nani atafika na tangi tupu. Basi nawapa madereva, na ninyi mnaopanda magari yao, mashauri haya machache.

Kwanza, atakayeshuka bondeni au ziwani na ajaze tangi juu, kabla ya kuondoka. Asiseme atajaza akirudi, maana kurudi ndiko kugumu.

Pili, dereva na aijue gari yake kwa hesabu yake mwenyewe. Ajaze tangi, aandike kilometa. Akijaza tena, agawe kilometa alizokwenda kwa lita alizotia. Afanye hivyo kwa safari ya kushuka na kwa safari ya kupanda, mbali mbali. Daftari la senti chache litamwambia mambo ambayo dashibodi haiyajui.

Tatu, taa ikiwaka, mjadala umekwisha. Kituo cha kwanza ndicho chake.

Nne, gari likizimika kwa kukosa petroli, dereva asibonye kitufe cha kuwasha mara nyingi. Alisogeze pembeni, aonye magari mengine, atie lita kadhaa, si chupa moja ndogo, kisha ndipo awashe.

Tano, na hili ni kwa akina baba na mama wote: petroli isiwekwe nyumbani ndani ya chupa ya maji au ya soda. Mtoto akiona chupa hukumbuka kinywaji. Wala mtu asiivute petroli kwa kinywa kwa mpira, wala asibebe dumu lake ndani ya gari pamoja na abiria. Mvuke wake wawaka kwa cheche moja. Wale wanawali walichukua vyombo vya akiba, lakini chombo cha akiba cha dereva ni tangi lenyewe.

Nawe abiria, usione haya kuuliza, "Dereva, tuna petroli ya kutosha kupanda?" Uliza kabla ya kulipa nauli, na uulize kwa adabu. Dereva mwema hatakasirika, na akikasirika amekwisha kukujibu.

Jambo hili akina mama wa Ufipa walilijua kabla motokaa haijafika. Mwezi wa Januari, mama mwenye akili hachungulii kihenge na kusema tu, "Bado kuna mahindi." Hukumbuka kwamba mavuno ya kutosha yako Mei na Juni, kwamba kazi ya shamba huongeza njaa, na kwamba huenda wageni wakaja. Kisha hupima unga wa leo kwa siku zilizobaki. Vivyo hivyo baba apatapo fedha za mahindi mwezi wa Julai asizipime kwa wingi wake mkononi, bali azipime kwa mlima ulio mbele: karo, mbolea, na ugonjwa usiobisha hodi. Waulizeni watoto wenu jioni moja, karibu na moto: tumebakiwa na nini, na mbele yetu kuna njia ya namna gani? Wazoee kuyauliza maswali yote mawili pamoja.