Bei ya Kitu Kisichoadimika: Vitabu vya Katuni vya Marekani na Wakusanyaji Wake

Tangu kitabu cha katuni kilipopata umbo linalojulikana leo nchini Marekani katika miaka ya 1930 hadi kufikia mwishoni mwa mwaka 1961, bei yake ya kawaida ilikuwa senti 10, na ni vigumu kumpata aliyekinunua kwa bei hiyo akiwa na nia ya kuja kukiuza kwa bei nyingine. Kitabu cha katuni, yaani kijitabu chenye kurasa za karatasi hafifu zilizobanwa kwa pini na kufunikwa jalada la rangi, ambamo hadithi husimuliwa kwa michoro iliyopangwa ndani ya visanduku na maneno machache, kilikuwa bidhaa ya watoto: kilinunuliwa kwenye kibanda cha magazeti, kikasomwa, kikakunjwa na kutiwa mfuko wa nyuma wa suruali, kikabadilishanwa na kingine, na hatimaye kikatupwa na mama aliyekuwa akisafisha chumba. Wamarekani wazee wa kizazi hicho wakikumbuka utoto wao hupenda kumlaumu mama huyo kwa kuwatupia utajiri, na hawajiulizi kama utajiri wenyewe ungekuwapo iwapo mama wote wangeviacha vitabu vile mahali vilipokuwa.

Uhaba wa vitabu vya mwanzo haukupangwa na mtu. Toleo la kwanza la Action Comics, lenye tarehe ya Juni 1938, ambalo lilimleta Superman mbele ya wasomaji kwa mara ya kwanza, linakadiriwa kuchapishwa nakala 200,000, na nakala zinazofahamika kuwapo hadi leo ni kama 100 hivi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia watoto walihimizwa kukusanya karatasi kuukuu nyumba kwa nyumba ili zitumike upya kwa mahitaji ya vita, na marundo ya katuni yakaenda huko. Mwaka 1948, katika baadhi ya miji, shule na makanisa yaliwasha mioto ya hadhara ya kuzichoma. Na mwaka 1954 daktari wa magonjwa ya akili Fredric Wertham alitoa kitabu Seduction of the Innocent, akidai kwamba katuni za uhalifu na za kutisha zinawaharibu watoto, kamati ndogo ya Baraza la Seneti ikalisikiliza suala hilo mwaka huohuo, na wazazi wengi wakapata sababu nyingine ya kuyapekua makabati ya watoto wao. Vilivyosalia baada ya vita, moto na hofu hiyo ndivyo vinavyouzwa leo katika minada mikubwa: nakala moja ya toleo hilo la 1938 ilifika dola milioni 1 mwaka 2010, nyingine dola milioni 3.2 mwaka 2014, na nyingine dola milioni 6 mwaka 2024. Mtu anaweza kuziona bei hizo kuwa za kichaa, lakini hesabu yake inaeleweka, kwa kuwa vitu ni 100 na matajiri wanaovitaka ni wengi kuliko idadi hiyo. Utata unaanza pale bei kubwa inapodaiwa kwa kitabu ambacho kila mfanyabiashara anajua kuwa kipo kwa maelfu.

Mabadiliko yalianza na karatasi nyingine. Mwaka 1970 Robert Overstreet alichapisha mwongozo wa bei, yaani orodha ya matoleo yote aliyoweza kuyakusanya, kila moja likiwekewa bei kulingana na hali yake ya ubora, na kuanzia hapo bei ambayo awali ilikuwa siri kati ya muuzaji na mnunuzi ikawa jambo lililoandikwa. Mwongozo wa namna hii hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja, maana huripoti bei zilizolipwa na pia huwafundisha watu bei za kudai, na mtoto aliyekuwa na sanduku la katuni chini ya kitanda aligundua kuwa ana mali. Miaka saba baadaye Chuck Rozanski, mfanyabiashara kijana wa Colorado, alinunua kutoka kwa familia ya Edgar Church, mchoraji wa matangazo ya biashara wa huko Denver, mkusanyo wa maelfu ya katuni za miaka ya 1930 na 1940 ambazo Church alikuwa amezilundika ndani ya nyumba yake, na kwa sababu hewa ya huko ni kavu na lundo lenyewe lilizibana zisipenyezwe na mwanga wala vumbi, karatasi zake zilikuwa bado nyeupe. Mkusanyo huo uliwaonyesha wakusanyaji jambo ambalo wengi wao hawakuwa wamelifikiria, kwamba vitabu viwili vya toleo moja vinaweza kuwa vitu viwili tofauti, na kwamba tofauti hiyo iko kwenye karatasi na wala si kwenye hadithi.

Hapo ndipo kutunza kulipogeuka kuwa kazi. Karatasi ya magazeti ina asidi ambayo huigeuza kuwa ya njano na kuifanya ivunjikevunjike, basi vikauzwa vifuko vya plastiki na vipande vya kadibodi isiyo na asidi vya kuwekwa nyuma ya kitabu kisipinde, na mtoto aliyekula pipi huku akifungua kurasa akaanza kutazamwa na wenzake kama mharibifu. Wakati huohuo njia ya kuviuza ilibadilika. Kibanda cha magazeti kilikuwa na haki ya kurudisha nakala zisizouzwa na kulipwa fidia, lakini mwanzoni mwa miaka ya 1970 Phil Seuling, mwalimu wa Brooklyn aliyekuwa pia mwandaaji wa makongamano ya katuni, aliwashawishi wachapishaji wawauzie wauzaji maalumu kwa punguzo kubwa kwa sharti kwamba hakuna kurudisha. Duka likibaki na nakala halikuwa tena na pa kuzipeleka, hivyo liliziweka kwenye maboksi, likazitia kwenye vifuko, na kuziuza mwaka uliofuata kwa bei ya mwongozo, yaani bei iliyopanda. Muuzaji na mnunuzi wakajikuta wanaamini jambo lilelile, kwamba katuni ya leo ni akiba ya kesho.

Imani hiyo ilifikia kilele chake kati ya mwaka 1990 na 1993. Toleo la kwanza la Spider-Man lililochorwa na Todd McFarlane mwaka 1990 liliuza nakala takribani milioni 2.5, X-Force namba 1 ya mwaka 1991, iliyofungwa ndani ya mfuko pamoja na kadi ya kukusanya ambayo ilikuwa ya aina tano tofauti, ilikaribia milioni 5, na miezi michache baadaye X-Men namba 1, kazi ya Chris Claremont na Jim Lee iliyotolewa kwa majalada matano, ilipita milioni 8. Novemba 1992 Superman aliuawa katika toleo namba 75 la kitabu chake, likauzwa likiwa ndani ya mfuko mweusi pamoja na kitambaa cha maombolezo cha kuvaa mkononi, na watu ambao hawakuwa wamewahi kusoma katuni walipanga foleni nje ya maduka kwa sababu vyombo vya habari vilikuwa vimewaambia kwamba kitabu cha kwanza cha Superman kina thamani kubwa. Ni haki kuwaita walanguzi, ingawa mlanguzi wa sukari angalau anajua kwamba watu wataitaka sukari yake. Wengi walinunua nakala tano au kumi, na wengine hawakuufungua mfuko, kwa kuwa mfuko uliofunguliwa ulihesabiwa kuwa umeharibika, jambo ambalo maana yake ni kwamba hadithi iliyoelezwa kuwa ya kihistoria ilinunuliwa na watu wasioweza kuisoma.

Kosa lao linaonekana wazi leo. Walichukua matokeo ya uzembe wa kizazi kimoja wakadhani ni tabia ya bidhaa yenyewe, hivyo wakatunza kwa uangalifu vitu ambavyo thamani yake ingetokana na kutotunzwa, na nakala milioni 8 zilizohifadhiwa vizuri zilizidi mara nyingi idadi ya watu waliokuwa wakisoma katuni. Maduka, yaliyokuwa yameagiza bila haki ya kurudisha, yalibaki na maboksi yasiyouzika. Maelfu yao yalifungwa katika miaka iliyofuata, na Desemba 1996 Marvel yenyewe, kampuni iliyochapisha Spider-Man na X-Men, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake, japokuwa madeni ya wamiliki wake nayo yalichangia sana anguko hilo.

Ingetarajiwa kwamba baada ya hapo bei kubwa zingebaki kwa vitabu adimu pekee. Mwaka 2000, hata hivyo, ilianza kazi kampuni ya Certified Guaranty Company, inayojulikana kwa herufi CGC, ambayo hupokea kitabu kutoka kwa mwenyewe, hukikagua, hukipa alama kati ya 0.5 na 10, kisha hukifunga ndani ya kasha gumu la plastiki lililokusudiwa lisiweze kufunguliwa bila kuvunjwa. Huduma hiyo ilikuwa na sababu njema, kwani wauzaji wasio waaminifu walikuwa wakiziba machaniko na kupaka rangi juu ya mikwaruzo bila kusema, na ununuzi kwa njia ya intaneti uliwafanya watu walipie vitabu wasivyoviona. Lakini alama ilizaa jambo jingine. Kitabu kilichopo kwa maelfu kiligawanywa katika madaraja zaidi ya ishirini, na katika daraja la juu kabisa, lile la 9.8 kwenda juu, nakala zikawa chache. Uhaba ambao zamani ulitokana na moto na mifuko ya suruali sasa ulitokana na namba. Tofauti kati ya 9.6 na 9.8 inaweza kuwa alama ndogo ya mkunjo karibu na pini, isiyoonekana bila taa na macho yaliyozoea, na bado kwa baadhi ya vitabu tofauti hiyo huongeza bei mara mbili.

Mfano unaofaa kuangaliwa kwa makini ni The Incredible Hulk namba 181, yenye tarehe ya Novemba 1974 na bei ya senti 25, ambamo Wolverine, mhusika aliyebuniwa na Len Wein na John Romita na kuchorwa hapo na Herb Trimpe, anatokea kwa ukamilifu kwa mara ya kwanza. Si kitabu adimu kwa maana yoyote ya neno hilo: zaidi ya nakala 10,000 zimekwisha kupewa alama na kufungwa kwenye makasha, nyingine nyingi hazijapelekwa, na mtu mwenye fedha anaweza kuipata wakati wowote. Hata hivyo nakala iliyochakaa huuzwa kwa mamia ya dola au zaidi, na ya 9.8 kwa makumi ya maelfu. Ndani yake kulichapwa stempu ndogo ambayo msomaji alitakiwa kuikata na kuibandika kwenye kijitabu maalumu, na watoto wengi walitii, kiasi kwamba swali la kwanza la mnunuzi leo ni iwapo stempu ipo. Nakala isiyokuwa nayo hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake, yaani mtoto aliyekitumia kitabu kama mchapishaji alivyomwelekeza ndiye anayehesabiwa kuwa alikiharibu.

Je, bei hiyo ni halali? Kwa nakala iliyochakaa, jibu linaelekea kuwa ndiyo, kwa kuwa wanaotaka kuwa na kitabu hicho ni wengi kuliko walio tayari kukiachia, na mnunuzi akihitaji fedha zake baadaye ataweza kukiuza bila taabu kubwa. Anayelipa makumi ya maelfu kwa ajili ya 9.8 ananunua kitu kingine, nacho ni hukumu ya mkaguzi fulani wa siku fulani, ambayo haiwezi kuhakikiwa bila kulivunja kasha na kuipoteza. Mwishoni mwa mwaka 2023, ilipobainika kwamba kulikuwa na makasha yaliyofunguliwa kwa hila na vitabu vya ndani kubadilishwa, wamiliki wengi walitambua kwamba walikuwa wakiiamini lebo kuliko karatasi. Kwa vitabu vya karibuni zaidi, kama New Mutants namba 98 ya Februari 1991 ambamo mhusika Deadpool alianzia, hoja ni dhaifu zaidi, kwa sababu bei ilipandishwa na filamu, na filamu huja na kupita. Katika mwaka 2020 na 2021, watu walipofungiwa majumbani na janga la korona huku wakiwa na fedha za msaada wa serikali, uvumi tu kwamba mhusika fulani ataonekana kwenye skrini ulitosha kuzidisha bei ya toleo lake la kwanza. Tangu mwaka 2022 bei nyingi za namna hiyo zimeshuka, na waliochelewa kuuza wamebaki na makasha.

X-Men namba 1 ya 1991 bado inapatikana kwenye maboksi ya maduka kwa dola chache, na anayetaka kuipeleka ikaguliwe atalipa ada inayozidi bei ya kitabu chenyewe. Hulk 181 haijafikia hali hiyo na pengine haitaifikia, lakini waliokuwa na umri wa miaka kumi mwaka 1974 wamevuka miaka 60, mikusanyo yao imeanza kuuzwa na warithi, na nakala zilizokuwa zimetulia kwa miongo mitano zinarudi sokoni kwa pamoja, zikiwaelekea wanunuzi waliomfahamu Wolverine kwanza kupitia sinema na ambao hawakuwahi kuwa na senti 25 za kuchagua kati yake na pipi.