Karatasi ya Kodi na Karatasi ya Ukutani

Marehemu baba yangu, ambaye elimu yake ilikuwa ya chuo cha Kurani tu, alikuwa na kisanduku cha bati alimohifadhi stakabadhi zake zote za kodi ya kichwa, na kila alipoazimia safari ya kwenda Tanga mjini hakuthubutu kutoka kabla hajaifunga ile ya mwaka uliopo katika ncha ya shuka yake. Kwani zama zile za Mwingereza tarishi aliweza kumsimamisha mtu mzima njiani, mbele ya wakweze, akamdai karatasi, na asiyekuwa nayo akalala mahabusi. Fedha yenyewe ilikwenda wapi? Jumbe alikusanya, akida akapokea, ikafika bomani, na huko hesabu zikaandikwa kwa Kiingereza na kufungiwa kabatini. Raia ndiye aliyetoa hesabu kwa serikali; kinyume chake hakikupata kufikiriwa, na aliyedadisi alihesabiwa fidhuli.

Baada ya uhuru mambo yalianza kugeuka, ingawa kwa mwendo wa kobe. Mwaka 1966 iliundwa Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, chini ya Chifu Erasto Mang'enya, ikazunguka mikoani kusikiliza malalamiko ya wanyonge juu ya wakubwa, jambo ambalo wazee wetu hawakulisadiki mpaka walipoliona. Lakini ripoti zake zilikwenda kwa Rais, wala hazikubandikwa mahali popote. Kisha serikali za mitaa zikavunjwa mwaka 1972, na ziliporudishwa kwa sheria za mwaka 1982 zilirudi na kodi ya maendeleo, na mgambo wakasimama tena njiani kudai karatasi, mpaka kodi ile ilipofutwa mwaka 2003.

Hata hivyo sheria zilezile zilikuwa zimetupa kitu ambacho kwa miaka mingi hatukukitumia ipasavyo, nacho ni mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi aliyetimiza miaka kumi na minane ni mjumbe wake, na ambao mbele yake halmashauri ya kijiji hutakiwa kusoma mapato na matumizi kila baada ya miezi mitatu. Nami nadhani kilichotuamsha ni shule. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ulipoanza mwaka 2002 na ikaagizwa kwamba ruzuku za shule zitangazwe kwenye mbao za matangazo, kwa mara ya kwanza niliona akina mama waliotoka kuchota maji wakisimama mbele ya karatasi ya serikali na kuisoma kwa sauti, tarakimu baada ya tarakimu, kisha wakaenda kuyahesabu madawati.

Siku hizi tunayo pia ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambayo kwa mujibu wa ibara ya 143 ya Katiba hupelekwa kwa Rais na kisha bungeni, na kila mwezi wa Aprili vijana huisoma barazani kutoka katika simu zao, wakitaja mabilioni kwa ghadhabu kubwa. Siidharau, kwani mwaka 2012 mawaziri walipoteza nyadhifa zao kwa sababu yake. Lakini mabilioni ni mengi mno kumwuliza mtu, na aliyeyala hayupo barazani, ilhali mtendaji wa kijiji huswali nasi safu moja.

Ndiyo maana sioni haya kusema kwamba mkutano mmoja wa kijijini kwetu ulinifurahisha kuliko ripoti zote za bungeni. Mtendaji alikuwa amekwisha kusoma hesabu zake, nasi tu karibu kunyoosha mikono kuzipitisha, bibi mmoja muuza vitumbua aliposimama na kusema, kwa adabu kamili, kwamba yote ameyaelewa isipokuwa ule mstari wa matumizi mengineyo. Mtendaji akatabasamu, akaeleza kwamba ni vitu vidogovidogo tu. Bibi akamjibu kwamba vitumbua navyo ni vidogo, naye huviandika. Mkutano ukaamua mstari ule ufafanuliwe, na mkutano uliofuata ukasomewa: karatasi, wino, nauli za wilayani, na chai ya wageni. Nauli zilikubaliwa bila maneno. Mjadala wa chai uliendelea mpaka adhana ya alasiri, na mwishowe ikapitishwa nusu yake, na kwa nusu iliyobaki mwenyekiti akatakiwa ataje wageni ni akina nani.